Baiskeli Iliyopimwa Kama Suti

Walisema sitapanda baiskeli maisha yangu yote. Walisema na mengine pia: kwamba sitalima, sitabeba gunia bandarini, na kwamba mwanamke wa kunivumilia bado hajazaliwa. Lakini hayo waliyasema mara moja wakayaacha. La baiskeli walilirudia kila siku, kwa sababu mwaka ule Mtwara ilikuwa inajengwa, bandari mpya inachimbwa, na kijana asiye na baiskeli au asiyejua hata kuiendesha alihesabiwa pamoja na wazee. Nilikuwa nimeanguka kutoka juu ya mnazi, na mgongo ulipopona ulipona ukiwa umenyooka kama mwiko. Kutembea niliweza, kukaa niliweza, kucheka niliweza. Kuinama, hapana. Vijana wa Mikindani wakaniita Ubao. Leo huyo Ubao ana stashahada mbili ukutani, moja ya hapa nchini na nyingine ya ng'ambo, huko ambako maji yanaganda ndani ya ndoo. Amekuwa Bwana Afya katika wilaya nne, amerudi kwao kwa fedha yake mwenyewe, amejenga nyumba ya mawe yenye madirisha ya vioo, na anaandika haya akiwa ameketi wima. Ninajisifu, ndiyo. Waliokuwa na kazi ya kunisema walipata miaka mingi ya kuifanya; mimi nimechukua kurasa chache tu.

Habari za wazazi wangu naziacha, maana nikizianza sitafika kwenye baiskeli. Kilichonifanya nikae kuandika ni hitima ya Mfaume, fundi cherehani, iliyosomwa mwaka jana. Baada ya pilau, mjane wake, Mwanahawa, aliniita chumba cha uani akaniambia kuna kitu chetu. Nilidhani ni cherehani. Ilikuwa baiskeli, imeegeshwa nyuma ya magunia ya mihogo mikavu, matairi yamekufa, kengele imeshika kutu, lakini usukani umesimama juu kama pembe za ng'ombe wa bara. Nikapangusa vumbi kwenye chuma cha kiti. Alama mbili za tupa zilikuwa pale pale, ya juu na ya chini. Mwanahawa akasema marehemu hakuruhusu mtu yeyote kukigusa kile kiti. "Alisema ya juu ni ya shemeji Ubao, ya chini ni yake," akaniambia, "na akitaka kukukumbuka anakwenda kuzitazama." Nilitoka nje kidogo, nikasingizia moshi wa jikoni.

Mwaka ule nilikaa kwa Shangazi Somoe, kwenye nyumba ya udongo na makuti nyuma ya mtaa wa maduka. Chumba changu kilitenganishwa na uani kwa ukuta wa fito ambao udongo wake ulikuwa umedondoka nusu, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio ili nijue nasemwaje. Shangazi na jirani zake walikaa kumenya mihogo, au kuchambua kisamvu, au wakati mwingine kuchemsha ming'oko, vile viazi vya porini, na mimi nikiwa kitandani nasikia kisu kikigonga sinia na jina langu likipita baina ya mapigo yake. Shangazi alinipenda, alinipa kichwa cha samaki kila alipopika mchuzi wa nazi, na kichwa cha samaki kwetu hakipewi mtu asiyependwa. Lakini kupenda kwake kulikuwa kwa kukata tamaa. Siku moja nilimsikia akiwaambia wenzake, kwa upole kabisa, kama mtu anayepanga chakula cha jioni: "Huyu nitamtafutia kibaraza auze karanga. Mgongo ubao, baiskeli atapandia wapi?" Wenzake wakaitikia. Mmoja akauliza kama karanga za kukaanga au za kuchemsha. Nilikula ming'oko ya siku ile kwa hasira, na ming'oko iliyochemshwa na chumvi ni kitu kigumu kukila kwa hasira, maana ni kitamu.

Basi akaja Bwana Afya. Hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka juu kaskazini, alivaa kaptura iliyopigwa pasi na soksi ndefu, na alikuwa akitafuta msaidizi wa kuzunguka naye vijijini kukagua visima na vyoo na kupeleka dawa. Msaidizi huyo angefanya kazi mwaka mmoja, na akifaa angepelekwa chuoni. Nilikuwa nimesoma kuliko kijana yeyote pale mtaani na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, bado ni mzuri. Bwana Afya aliutazama akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akautazama mgongo wangu. Akasema karatasi hazimfikishi mtu Kilambo. Siku ya Alhamisi ya wiki iliyofuata angekwenda Kilambo, kwenye kivuko cha Mto Ruvuma, kwa baiskeli, alale huko, arudi kesho yake. Aliyetaka kazi amfuate. Atakayekwenda naye na kurudi naye ameipata. Tuliojiandikisha tulikuwa wawili: mimi, na Hasani Nandonde, kuli wa bandarini, kifua kama mlango, ambaye aliniuliza mbele ya watu wote kama nitafungwa kwenye baiskeli kwa kamba au kwa misumari.

Sikuwa na baiskeli. Aliyekuwa nayo ni Mfaume, na hapa lazima nieleze desturi ya mwaka ule, la sivyo msomaji ataniona nazua. Vijana waliokuwa wakioa walipenda kuingia kwa kina bibi harusi wakiwa juu ya baiskeli, na wengi wao waliiazima. Siku ya tatu baada ya harusi mwenye baiskeli anakuja kuichukua, na wakwe wanabaki wakitazamana. Ndipo akina mama wakaanzisha sheria: baiskeli ya bwana harusi ije na karatasi zake. Baiskeli mpya zilishuka melini zikiwa zimezungushiwa karatasi ya kaki kwenye mabomba yote, zimefungwa kwa uzi, na karatasi hiyo ikawa ndiyo ushahidi kwamba chombo ni cha mtu na hakijapita mikononi. Mfaume alikuwa anaoa kijijini Mtawanya baada ya msimu wa korosho. Mama mkubwa wa Mwanahawa, Bi Fatu, alikuwa ameshatangaza kuwa ataikagua yeye mwenyewe kwa mikono yake. Kwa hiyo Mfaume aliiendesha baiskeli ikiwa imevaa karatasi, akifuta vumbi kila jioni kwa kitambaa cha popelini.

Na ndani ya karatasi hiyo ndimo lilimokaa kosa la mji mzima. Ili baiskeli zisichukue nafasi melini, viwandani waliugeuza usukani kichwa chini, mikono ikatazama ardhi, wakaufunga hivyo kwenye fremu, na kiti wakakisukuma chini hadi mwisho. Dukani ilipaswa mtu afungue, ageuze, apandishe. Lakini kufungua ni kuchana karatasi, na karatasi ikichanwa hakuna bwana harusi atakayenunua. Bwana Kanji mwenye duka akaziuza kama zilivyofika. Sisi tukaamini hivyo ndivyo mzungu alivyozikusudia. Vijana wote wenye baiskeli mpya walipita mtaani wameinama kama watu wanaotafuta sindano iliyodondoka, magoti yakigonga videvu, na tukauita huo mtindo. Mfaume mwenyewe alishuka kila safari akiwa ameshika kiuno. Alipokubali kuniazima alikubali kwa huruma tu, kwa sababu alijua, kama nilivyojua, kwamba sitaweza kuufikia usukani ule. Nilijaribu uani kwake. Niliweza kukaa, mikono yangu ikaning'inia hewani kama ya mtu anayeomba dua.

Nilibaki kwenye kibanda chake nimenuna. Hakukuwa na kiti kingine, nikakaa kwenye kigoda cha cherehani, na kwa kuwa miguu ya kijana haitulii nikaanza kukanyaga pedali ya cherehani huku nikimlalamikia. Nililalamika kwa muda mrefu. Mfaume alikata kanzu nzima nami bado nalalamika. Kisha nikanyamaza. Miguu yangu ilikuwa inakwenda, mikono yangu imekaa juu ya meza ya cherehani, mgongo umesimama, na hakuna kilichoniuma. Nikamwambia Mfaume alete utepe. Akauliza wa nini. Nikamwambia nataka anipime suti, ila suti yenyewe ni baiskeli. Hilo ni wazo langu, na nimelisimulia kwa maprofesa ng'ambo wakaliandika. Sikuona haya kulisimulia na sioni haya hapa. Mfaume alikuwa mshonaji aliyejiona hana mwenzake kuanzia Lindi hadi Ruvuma, hivyo kazi ya kupima hakuikataa. Akanipima kutoka kwenye msamba hadi kisigino, kutoka begani hadi kiganjani, akapima kigoda hadi pedali na kigoda hadi meza, akazichora namba kwa chaki ukutani.

Ikabaki karatasi. Nati ya kiti na ya usukani zote zilikuwa chini yake. Mfaume aliizunguka baiskeli, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye uzi. Nilijua anamwona Bi Fatu. Nikamwambia aache, harusi yake ni kubwa kuliko Kilambo yangu, na nilisema kweli ingawa nilitamani asinisikie. Alichukua wembe wa kufumulia mishono, akaikata karatasi kwenye maungio, taratibu, kama anayefumua nguo ya mteja tajiri. Ndipo aliposema, "Nilichofumua mimi, mimi ndiye nitakayekishona. Nenda katafute spana."

Spana ya kufaa mtaani ilikuwa moja, ya Bwana Kanji, na Bwana Kanji hakuitoa bila rehani. Nikamwachia viatu vyangu. Hivyo Kilambo nilikwenda peku.

Tulianza kwa kuifanya baiskeli iwe cherehani, kipimo kwa kipimo, na ilikuwa makosa. Kwenye cherehani unyayo unabembea mahali pamoja. Kwenye baiskeli pedali inazunguka, inapanda juu. Kiti kilikuwa chini mno. Nilipoteremka kile kilima cha kuelekea kwenye mikoko, goti liliinuka likagonga usukani, usukani ukageuka, nami nikaingia kwenye tope nikiwa wima vilevile, nimezama hadi mapajani, bado nimeshika mikono yote miwili ya usukani. Mfaume alikuja mbio akapita mbele yangu kwenda kuikagua baiskeli. Wachuuzi wa dagaa walicheka hadi wakaweka matenga chini. Jioni tulianza upya. Nikakaa juu ya kiti, Mfaume ameshika nyuma, nikaweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, tukapandisha kiti hadi mguu ukanyooka bila kiuno kuyumba. Ukikanyaga kwa mbele ya unyayo, goti linabaki limekunjika kidogo tu, na hiyo ndiyo sawa. Kiti tukakilaza kama meza, maana kikiinua pua kinamuumiza mtu pabaya. Usukani tukaugeuza, mikono ikarudi kunitazama mimi, tukauvuta juu ya usawa wa kiti hadi viwiko vikalegea, ila tukaacha shingo yake ya kutosha ndani ya bomba isije ikachomoka safarini. Nikachora alama kwa tupa kwenye chuma cha kiti. Mfaume akaanza kuishona karatasi upya, kwa sindano nyembamba na uzi wa rangi ya kaki, mshono wa ndani kama wa kola.

Asubuhi ya Alhamisi nilikuta kanga ya Shangazi Somoe, ile ya kutokea, imekunjwa mara nne na kufungwa juu ya kiti cha baiskeli. Nikamwambia itaharibika. Akasema kama nitarudi kwa miguu niirudishe safi.

Njia ya Kilambo ilikuwa mchanga, na mchanga haumpendi mtu. Mabibo yalikuwa yameiva, yamedondoka chini ya mikorosho pande zote, harufu yake tamu imechanganyika na moshi wa watu wanaokaanga korosho, na nzi kila mahali. Bwana Afya alitangulia. Hasani Nandonde alimfuata kwa nguvu, kichwa chini, mabega yakipanda na kushuka kama mtu anayetwanga, kwenye baiskeli mpya ya binamu yake iliyovaa karatasi zake zote, na kila akigeuka kuniangalia alicheka. Mimi nilikwenda polepole, nimekaa kama kadhi, nikiona vichwa vya watu mashambani wakisimamisha majembe. Mzee mmoja aliniamkia kwa heshima akidhani mimi ndiye Bwana Afya. Nilimjibu, na kisima chake nikakikagua kwa macho nikipita.

Tulipofika Madimba, Hasani alikuwa amekaa chini kando ya njia. Alikuwa ameshuka baiskelini akashindwa kusimama sawa. Shingo imekaza, viganja vimekufa ganzi, na lile kuli la bandarini lililobeba magunia mawili mawili lilikuwa limekunjika kama kisu cha kukunja. Bwana Afya akamwachia maji, akamwambia apumzike arudi. Nilishuka. Ningeweza kusema maneno mengi, na mengi nilikuwa nimeyaandaa tangu wiki ile ya misumari na kamba. Lakini gurudumu langu la nyuma lilikuwa limeanza kuishiwa upepo, naye aliliona kabla yangu. Akafungua pampu kwenye fremu yake akaninyoshea bila kuinua uso. "Chukua, Ubao," akasema. "Mimi hainifai tena. Ukifika mtoni kaniogee na mimi."

Nilifika mtoni. Niliyaona maji ya Ruvuma, mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo ile nchi ya Wareno, na mitumbwi ikivusha watu wenye kuku na ndugu. Niliingia mara mbili, moja yangu, moja ya Hasani. Jioni tulikula ugali wa muhogo na samaki wa mtoni kwa jumbe wa pale, na nikamsikia Bwana Afya akimwambia mwenyeji wetu, akidhani nimelala, kwamba yule kijana anakaa kwenye baiskeli kama aliyezaliwa nayo. Sikulala tena hadi alfajiri. Nilikuwa nikiyarudia maneno yale. Kesho yake tukarudi. Niliingia Mikindani saa ya alasiri, watu wakitoka msikitini, na nilipiga kengele kuanzia mwanzo wa mji hadi mwisho wake ingawa njia ilikuwa wazi.

Kazi nikaipata, na pamoja na kazi nikapewa baiskeli ya ofisi yenye mfuko wa spana, ambayo niliifungua na kuipima siku hiyo hiyo. Lakini bado nilikuwa mdaiwa. Nilikuwa na baiskeli ya mtu, spana ya mtu, pampu ya mtu na kanga ya mtu, na nilisubiri siku moja ya kuyamaliza yote, kwa sababu napenda mambo yaonekane. Siku hiyo ikawa ya harusi ya Mfaume.

Asubuhi nilianza dukani. Nilimrudishia Bwana Kanji spana yake, nikachukua viatu, kisha kabla hajaniuliza nikamgeuzia usukani wa baiskeli moja kati ya zile zilizopangwa barazani, nikamkalisha juu yake. Alikuwa mnene na hakuwa amepanda chombo tangu ujana. Alipiga kengele mara moja, akaniambia nizigeuze zote, hata karatasi zikichanika. Hasani nilimkuta kwao. Nilimpa pampu, na ile baiskeli ya binamu yake nikaiinua usukani hadi kifua chake kikapata nafasi. Akazunguka uani, akarudi, akasema maji ya mto aliyasikia. Kisha nikaenda kwa Mfaume. Nilishusha kiti chake kwa kipimo chake yeye, maana ni mfupi kwangu, nikachora alama ya pili chini ya ile yangu, nikausogeza usukani karibu ili kanzu na joho visikunjamane kiunoni, na karatasi ikashonwa kwa mara ya mwisho.

Mtawanya walitungoja na ngoma. Mfaume aliingia wima, joho limetanda, kilemba hakitikisiki, na wanawake walikuwa hawajawahi kumwona bwana harusi juu ya baiskeli akiwa na uso. Wote waliotangulia waliwaonyesha utosi. Vigelegele vikapigwa, vikakatika. Bi Fatu alikuwa amejitokeza. Alipitisha kiganja kwenye bomba la juu, akashuka kwenye la chini, akafika kwenye shingo ya usukani, kidole kikasimama. Ameukuta mshono. Akamwangalia Mfaume, na uwanja mzima ukamwangalia Mfaume, na Mwanahawa alikuwa ndani akisikia kila kitu. Mimi nilihisi tope la mikoko likinipanda tena.

"Imefunguliwa hii," Bi Fatu akasema. "Ya nani?"

"Yangu, mama," Mfaume akajibu. "Nani anaazima kitu cha watu, akakishonea nguo?"

Bi Fatu aliuvuta mshono, ukakataa kukatika. Akauvuta tena. Kisha akacheka, kicheko cha mwanamke anayejua cherehani nzuri, akaichana karatasi yote kwa mikono yake mwenyewe, akawatupia wenzake vipande, na vigelegele vikarudi pale vilipokatikia.

Amebaki mmoja. Yeye nilikwisha kumlipa kabla hata hatujafika Mtawanya, ila nimemweka mwisho kwa sababu ndiye aliyenidai zaidi. Shangazi Somoe alikuwa na miguu mibovu, na Mtawanya kwa miguu yake ilikuwa mbali kama Kilambo. Alikuwa ameshajitoa kwenye harusi, amesema tutamletea pilau. Nilisimamisha baiskeli ya ofisi mlangoni. Ile kanga yake ya kutokea, imefuliwa na kupigwa pasi, nilikuwa nimeikunja mara nne nikaifunga kwenye keria ya nyuma. Akasema watu wataona. Nikamwambia ndiyo maana nimekuja mchana. Akapanda kwa ubavu, akajitanda vizuri, na tulipoanza kuondoka jirani zake wote walikuwa wamesimama na masinia yao mikononi, visu vimenyamaza.

Mwanzoni alishika kiti. Tulipofika kwenye mteremko nikasikia mikono yake miwili imehama, imenikumbatia kiunoni, na shavu lake limelala kwenye uti wa mgongo wangu, pale pale palipovunjika.

"Mwanangu," akasema nyuma yangu, "ubao huu unashikika vizuri."